Mwani wa Bara

Mwaka ule mama alikuwa anapofuka, na mimi ninayeuza miwani mjini sikujua. Naanza na hilo kwa sababu kila nikijaribu kuanzia kwingine, kwa mvua kwa mfano, au kwa ule ujani uliokuwa umeota uani kwetu, najikuta nazungukazunguka kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Mganga hajigangi, walisema wahenga. Hawakusema mganga hujisikiaje siku anapogundua.

Tunakaa Kabiria, pembeni mwa Nairobi, mimi na yeye tu, katika nyumba ya mawe ya vyumba viwili. Nyuma kuna ua mwembamba. Ukitoka mlango wa jikoni unashuka vidato viwili, halafu kuna njia ya saruji ya hatua kumi na mbili hadi kwenye bomba la maji. Mkono wa kulia kuna ukuta wa jirani. Mkono wa kushoto kuna mtaro ulio wazi, ambao mwenye nyumba ametuahidi kuufunika tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote.

Katikati ya njia hiyo kulikuwa na mstari wa kijani. Ulianzia chini ya kidato cha mwisho ukaenda moja kwa moja hadi bombani, upana wake kama kiganja, pengine ukinenepa, pengine ukikonda, na pale bombani ulikuwa umejikusanya ukawa duara. Wala hakikuwa kitu cha ajabu. Ni ule mmea mdogo, mfupi kuliko ukucha, unaoota kwenye saruji yoyote yenye unyevu mji mzima, ambao watu huukanyaga maisha yao yote bila kuuuliza jina. Kamusi zinauita kuvumwani, neno ambalo sijawahi kumsikia mtu akilitamka kwa mdomo wake. Mama, mzaliwa wa Mombasa, aliuita mwani wa bara. Alisema kwao mwani una bahari yake, lakini huku juu umekosa pa kwenda, basi umejibanza kwenye simiti unangoja maji ya watu.

Na maji ya watu, kwa hapa kwetu, yalikuwa maji yake. Saruji ile imebonyea kidogo katikati. Mama akitawadha bombani, maji ya miguu yake yalirudi nyuma polepole, yakifuata ule mbonyeo hadi karibu na mlango, mara tano kwa siku, mwaka baada ya mwaka. Hata Januari, wakati nyasi za mtaa mzima zimegeuka rangi ya gunia, mstari wake ulibaki kijani. Ndani tuna bafu, tena lenye maji ya moto, lakini alisema kutawadha bafuni kunamkaba roho.

Halafu alikwenda peku. Tuligombana sana juu ya hilo. Baridi ya Julai upande huu wa Nairobi si mchezo, na mimi nilimnunulia patapata za kila rangi, naye akazipokea kwa shukrani na dua ndefu, akazipanga chini ya kitanda chake, akaendelea kutoka na miguu mitupu. Nikimkaripia alisema ardhi ya Nairobi haijamng'ata bado, siku ikimng'ata ataniita.

Nikizikumbuka zile alfajiri huwa sina hakika kama nilikuwa macho au nilikuwa bado naota. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka upande wa Waithaka, unatambaa chini chini, unajaza ua hadi usawa wa goti. Mimi nikiwa jikoni, sufuria ya chai mekoni, namwona mama dirishani katika kanga zake mbili, miguu haionekani, anakwenda polepole sana, kichwa kimeinuka kidogo kama mtu anayesikiliza jambo la mbali. Hakuwa akitembea, alikuwa akipita tu, kama kanga iliyoachwa kwenye kamba ikasukumwa na upepo. Nilikuwa napenda kumtazama vile. Nilidhani ule upole wa mwendo wake ni uzee na ibada. Kumbe alikuwa anasoma njia kwa nyayo.

Dalili zote nilikuwa nazo. Alikuwa akimimina chai huku kidole kimoja kimekaa ukingoni mwa kikombe, ndani. Alichambua mchele kwa ncha za vidole, uso umeelekea ukutani, na bado hatukuwahi kung'ata jiwe. Alilalamika kwamba balbu za siku hizi hazina nguvu, nami nikamjibu kwamba lawama hizo awapelekee wanaoziuza. Jioni alikaa na msahafu mapajani, akisoma, akifunua ukurasa kila baada ya muda, na mimi sikuwahi kujiuliza mbona miwani iko mezani. Ile miwani nilimletea mwenyewe kutoka dukani, fremu nzuri ya kahawia. Siku aliyoijaribu alitikisa kichwa akasema, "Mashallah, naona mpaka Mombasa." Nikacheka. Nilijisikia mtoto mwema sana siku ile.

Basi ukaingia mwezi wa Shaaban. Kwetu, kabla ya Ramadhani, nyumba hufuliwa. Sisemi kusafishwa, nasema kufuliwa: mapazia, mazulia, vyungu, pembe za dari, kila kitu, ili siku ya kuvunja jungu, tunapokula kwa mara ya mwisho kabla ya kufunga, mwezi uikute nyumba haina deni la uchafu. Na mimi usafi ni maradhi yangu. Wenzangu dukani wananiita Wanja wa Dettol, jina ambalo si langu wala silipendi, lakini linawaeleza nilivyo. Mwaka ule nilimaliza ndani nikatoka nje, nikauona ule mstari wa kijani, nikakumbuka kwamba jirani yetu mmoja aliteleza kwenye kitu kama hicho akavunjika nyonga. Mama hana nyonga ya akiba, nilijisemea, na mimi ndiye mlinzi wake.

Nikangoja aende kwenye darasa lake la akina mama pale msikitini Kawangware. Alifuatwa na rafiki yake, kama kawaida, wakaondoka wameshikana mikono. Hilo nalo sikuliona. Nikachukua brashi ya waya, ndoo ya maji ya moto na dawa ya madoa, nikapiga magoti. Ule mmea haukukataa. Ulibanduka vipande vipande kama ukoko wa wali, chini yake ukiwa na udongo mweusi mwembamba, na harufu iliyotoka ilikuwa harufu ya mvua ya kwanza. Nakumbuka nilisita kidogo kwa ajili ya ile harufu. Kisha nikaendelea hadi bombani, nikausukumia wote mtaroni, nikamwaga dawa, nikasugua hadi saruji ikawa nyeupe kama siku ilipomwagwa. Jioni sikumwambia kitu. Nilitaka aione mwenyewe.

Kesho yake alfajiri nikasimama dirishani na kikombe changu, nangoja sifa.

Mama alishuka vidato viwili. Akaweka mguu chini, akauinua. Akaweka tena. Akasimama pale kwa muda, na mimi, Mungu anisamehe, nilidhani anashangaa ule usafi. Nilitabasamu peke yangu jikoni. Kisha nikaona mguu wake wa kulia unatembea peke yake juu ya saruji, unapapasa, unakwenda kushoto, unarudi, unapapasa tena. Mikono yake ilikuwa bado imetulia ndani ya kanga. Akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu, kwa mwendo uleule wa upole, kichwa kimeinuka, akielekea mtaroni. Nilipopata sauti alikuwa ameshaingia na mguu mmoja hadi gotini.

Nilimbeba nikamketisha kwenye kidato. Muundi ulikuwa umechubuka, damu kidogo, mfupa salama. Mimi nilikuwa nasema maneno mengi kwa pamoja, kuhusu mtaro, kuhusu mwenye nyumba, kuhusu patapata. Aliacha niyamalize yote. Kisha akasema bila ukali wowote, akiwa amegeukia mahali ambapo sikuwapo:

"Umeiondoa njia yangu, mwanangu."

Nilielewa mara moja, kama mtu anayesukumwa ndani ya maji. Nilipitisha mkono mbele ya uso wake, na macho yake hayakuufuata.

Siku ile sikwenda kazini. Nilimwosha mguu katika beseni naye akanieleza. Ilikuwa imeanza pembeni, alisema, miaka kama miwili nyuma, giza likija kutoka kushoto na kulia kama mapazia mawili yanayovutwa yakutane. Katikati kulibaki kidirisha, na kidirisha chenyewe kilikuwa kinazidi kuwa kidogo. Nilikasirika. Nilimwambia mficha maradhi kilio humfichua. Akauliza, "Kilio changu au chako?" kwa sababu ni kweli mimi ndiye niliyekuwa nalia.

Nikamuuliza kwa nini alinificha. Alijua nitamwambia kaka yangu, na kaka yangu angemchukua Mombasa, katika nyumba kubwa yenye watu wengi na wasichana wa kazi wawili, na huko angewekwa kitandani, aletewe beseni, ashikwe mkono, aoshwe uso. Hilo ndilo alilokuwa akilikimbia. Upofu wenyewe alikuwa ameshausalimia.

"Wa kunitawadhisha ni yule atakayeniosha siku ya mwisho," alisema. "Kabla ya hapo, niache niende mwenyewe."

Juma lile nilimpeleka mjini, dukani kwetu, katika mtaa wa nyuma ya soko. Mwenye duka ni mzee wa Kisikh, mpimaji macho kama baba yake na babu yake, mtu wa maneno machache ambaye ameniajiri miaka mingi na hajawahi kunipandishia sauti. Alimpima mama kwa saa nzima. Naye pia alimwita mama, akamshika mkono kumvusha kutoka kiti hadi kiti, na mama akakubali kwa sababu ya heshima ya ugenini. Kisha alinieleza pembeni kwamba ni presha ya macho, kwamba matone yatalinda kile kidirisha kilichobaki kwa muda, na kwamba kilichokwisha kuondoka hakirudi. Hakuniuliza ilikuwaje mfanyakazi wake asijue. Ningependa angeniuliza.

Mchana ule nilitoka kwenye uchochoro wa nyuma, tunapotupa maboksi, ili nilie kidogo kabla ya wateja wa saa nane. Na pale chini, penye ufa kati ya ukuta na saruji, mahali panapodondoka maji ya mfereji wa paa, ulikuwepo. Mwani wa bara. Nilichokoa kipande kwa ufunguo, nikaingia nacho, nikakiweka chini ya kioo cha kukuzia tunachotumia kutazama skrubu za fremu.

Sikuwa nimejiandaa. Ulikuwa msitu. Vijiti vyembamba mamia kwa mamia vimesongamana, kila kimoja kimevaa majani yaliyolaliana kama magamba ya samaki, na ncha za majani zilikuwa nyeupe, zinang'aa. Nilidondosha tone la maji kwa sindano. Msitu mzima ukajinyoosha. Ule weupe ukazama, ujani ukapanda juu, majani yakafunguka moja baada ya jingine bila haraka, na kwa muda ambao siwezi kuukadiria sikuwa mjini, sikusikia honi wala mahamali, nilikuwa natembea ndani ya kile kijani na miguu mitupu. Mwenye duka alikuja akasimama nyuma yangu, akaomba naye atazame. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akatafuta kwenye simu yake, akapata jina la Kilatini, Bryum argenteum, akanieleza kwamba hilo neno la pili maana yake ni ya fedha, kwa ajili ya zile ncha. Akasoma kwamba unaota karibu kila mji duniani, barabarani, juu ya paa, kandokando ya ngazi, popote watu wanapopita na maji yanapodondoka. Ni mmea unaopenda watu, alisema, akarudi kwenye meza yake.

Tangu siku ile macho yangu yalifunguka, ukitaka kuiita hivyo. Niliuona kila mahali: kwenye viungo vya matofali ya njia ya miguu, chini ya bomba la msikiti ambako wanaume hutawadha, katika nyufa za kituo cha Adams Arcade pale wauza maji wanaposuuza madumu. Niliazimia kuurudisha. Niliteremka siku moja Adams Arcade nikamwendea kijana mmoja anayeuza miche kando ya Ngong Road, nikamuuliza kama anao mwani huo wa kuuza. Alinitazama usoni kuona kama ninamchezea.

"Auntie, hii kitu sisi hukwaruza tunatupa. Wewe unataka kununua?"

Nilipomwambia ni ya mama, na kwa nini, aliacha kucheka. Alibandua kipande kutoka ubavuni mwa tangi lake la saruji, akanifungia kwenye karatasi bure, akanielekeza nikisagesage, nichanganye na maziwa lala, yale yaliyoganda, nipake kama rangi, halafu nisikisumbue. Nilifanya hivyo jioni ileile. Asubuhi nilikuta paka wa jirani amelamba njia nzima kutoka kidatoni hadi bombani, safi kuliko nilivyosugua mimi. Nilirudia mara mbili. Mara ya pili walikuja chungu. Mara ya tatu jua la Machi likakausha kila kitu, na dawa niliyomwaga nayo, nadhani, ilikuwa bado inafanya kazi yake.

Ramadhani yote mama alihitaji kufika bombani, na hakutaka kushikwa. Nilipendekeza nimfungie kamba kutoka mlangoni. Akaniambia yeye si mbuzi wa Idi. Mwishowe tulipatana hivi: mimi nitangulie, na patapata zangu, nizipige chini kwa sauti, naye afuate mlio. Hilo halikuwa kuongozwa, alisema. Ni watu wawili tu wanakwenda mahali pamoja. Basi nikawa natangulia. Na kwa kuwa mtu hawezi kusimama bombani alfajiri akimtazama mamake anatawadha huku yeye mikono mfukoni, nikawa natawadha na mimi, mimi ambaye kwa miaka kadhaa nilikuwa naswali kwa misimu. Hakunisifu wala hakunitania. Alisogea tu kidogo kunipa nafasi.

Mvua za masika zikaja, zikaondoka. Ikaja Juni na manyunyu yake, kisha Julai na ule ukungu. Zile alfajiri za kwenda na kurudi sasa zimechanganyika kichwani mwangu zikawa asubuhi moja ndefu: mlio wa viatu, pumzi zake nyuma yangu, maji baridi yanayochoma viwiko, jogoo wa mtu upande wa Riruta anayewika kabla ya wakati. Alikuwa akinihadithia mambo pale ambayo hakuwahi kunihadithia ndani ya nyumba, kuhusu utoto wake, kuhusu baba yangu, habari fupi fupi zenye urefu wa hatua kumi na mbili. Nilikuwa na furaha. Naliandika kama lilivyo, kwa sababu ndilo linaloniaibisha.

Maana mapema mwezi ule wa Julai, Jumatatu moja, niliinama kuokota sabuni nikauona. Punje za kijani, kama vumbi la mchicha, katikati ya saruji. Nilichukua kioo nilichoazima dukani nikapiga magoti. Zilikuwepo ncha za fedha. Haukuota nilipopaka mimi. Uliota palepale ulipokuwa, katika ule mbonyeo, na safari hii ulikuwa mpana zaidi, kwa sababu maji sasa yalikuwa ya watu wawili. Ulianzia kidatoni na ulikuwa tayari umeshikana hadi bombani.

Nilipaswa kumwambia saa ileile. Ndicho kitu alichokuwa akikitaka kuliko vyote, na mimi ndiye niliyemnyang'anya. Nilifungua mdomo mlangoni, nikasema chai iko tayari. Siku ya pili nikasema kuna baridi. Nilijiambia haujakomaa, bado ni mwembamba mno, mguu hauwezi kuuhisi, nisije nikampa matumaini ya bure. Kila alfajiri nikazipiga patapata zangu kwa nguvu zaidi, naye akafuata. Siku nane nilimficha mama yangu njia yake mwenyewe.

Siku ya tisa sikuweza. Tulikuwa tumefika bombani, ukungu umetufunika hadi magotini, na nilimwambia bila kumtazama kwamba mwani wa bara umerudi, umefika hadi hapa aliposimama, anaweza kwenda mwenyewe kuanzia kesho. Nikaongeza kwamba umerudi tangu Jumatatu ya juma lililopita na mimi nilijua.

Mama alikuwa ameshakunja mikono ya gauni. Alinyoosha kidole gumba cha mguu, akakipitisha taratibu chini, huku na huku.

"Mimi nimeujua tangu Ijumaa ya kabla ya hiyo," alisema.

"Sasa mbona hukusema, mama?"

Alitafuta bomba kwa mkono, akalipata mara ya kwanza, akalifungua.

"Nawe mbona hukusema?"

Aliniachia maji kwanza, na tukatawadha.